Upo? Kuchati Tanga enzi za modemu na dishi

Mwaka 2001 kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupiga simu ambayo upande wa pili haikupokewa na mtu. Nafungua mlango wa chuma wa intaneti kafe pale Ngamiani, nawasha UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, nasubiri kompyuta ya kaunta iwake, kisha naiamuru modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu, ipige namba ya mtoa huduma. Hapo inaanza ile sauti. Waliokuwapo wanaijua: milio ya namba, kimya kidogo, filimbi moja ndefu, halafu mkwaruzo kama mtu anayeburuta bati juu ya saruji. Wateja wa asubuhi walisimama mlangoni wakisikiliza. Mkwaruzo ukikoma, wanaingia kukaa, maana kimya ndicho kilichokuwa dalili kwamba tumeunganishwa.

Nimekuwa fundi wa mitandao hapa Tanga tangu siku zile. Watu wa rika langu tukikutana, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kuchati. Mmoja anakumbuka jina alilojipa, mwingine anamkumbuka dada wa Mombasa waliyeandikiana miezi sita bila kuonana sura. Mie nakumbuka hayo, na nakumbuka waya pia. Leo nataka niueleze ule waya, kwa sababu naamini kabisa kwamba namna tulivyozungumza tuliipata kwake.

Ile filimbi ndefu ilikuwa mlio wa hezi 2,100, yaani mitetemo 2,100 kwa sekunde. Kwa mlio huo modemu ya upande wa pili inajitambulisha kuwa ni mashine, na papo hapo inavizima vifaa vya njiani vilivyowekwa kuondoa mwangwi wa sauti za watu. Mkwaruzo unaofuata ni modemu mbili zinapimana. Hii inatuma milio ya kila namna, ile inasikiliza upi umefika mzima na upi umechujuka njiani, kisha zinakubaliana ziende kwa kasi gani. Laini ya simu ilijengwa kupitisha sauti ya binadamu, kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400. Barua pepe, picha, na salamu za kutoka Uarabuni, vyote vilibanwa vipite kwenye kijinjia kile kile cha koo la mtu.

Modemu yetu iliandikwa 56 kwenye boksi, yaani kilobiti 56 kwa sekunde. Hatukuwahi kuziona. Kiangazi tulipata 33.6. Masika ikianza kunyesha, maji yanaingia kwenye maungio ya nyaya za shaba, tunashuka hadi 26.4 na siku nyingine chini zaidi. Sasa tuchukue ile ya kiangazi na tupige hesabu. Baiti moja, nafasi ya herufi moja, ni biti nane; basi biti 33,600 ukigawa kwa 8 ni baiti 4,200 kwa sekunde. Tulikuwa na kompyuta sita za wateja, zote zinanyonya mrija mmoja, kwa hiyo kila mteja fungu lake ni baiti 700. Picha ndogo ya baiti 60,000 inamchukua karibu dakika moja na nusu, ikishuka mstari baada ya mstari, kichwa kwanza, mabega baadaye. Nusu saa ilikuwa shilingi 500. Picha kama ishirini tu na fedha yako imekwisha.

Lakini chukua mstari huu: "Shikamoo mama, watoto wazima, wanakusalimu." Ukihesabu na nafasi ni herufi 42 na nukta yake, yaani baiti 43. Uvike bahasha zake zote, ile ya anwani za mtandao na ile ya programu yenyewe ya kuchati, haufiki baiti 200. Mrija uliokuwa unatoa jasho kwa picha moja uliweza kupitisha mistari ishirini ya namna hiyo kila sekunde. Ndiyo maana kuchati kulishamiri Tanga wakati tovuti zenye picha zilikuwa zinatukatisha tamaa. Neno lilikuwa jepesi. Kwa laini mbovu kama ile, kitu pekee kilichopita kana kwamba hakuna kizuizi kilikuwa maneno ya watu.

Historia yake naipitia haraka. IRC, baba wa kuchati kwa rumu, aliiandika Jarkko Oikarinen kwenye Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988. ICQ ilikuja 1996, Yahoo ikatoa yake 1998, MSN ikafuata 1999. Walionitangulia kazini walizoea mIRC, programu ya kuingilia rumu zile za IRC za maandishi matupu. Wateja wetu wao walikuwa watu wa Yahoo, kwa sababu rahisi: barua pepe zao zilikuwa Yahoo, na jina lile lile lilifungua vyote viwili.

Kitu ambacho Yahoo ilituletea, na ambacho nadhani hatujakipa heshima yake, ni kile kijiuso cha njano. Ulikuwa na orodha ya marafiki pembeni ya kioo. Rafiki akiwa hayupo, kiuso chake ni cha kijivu. Akiingia, kinageuka njano. Basi. Lakini fikiria mtu ambaye ndugu yake yuko Maskati au London, na miaka yote habari zake amezipata kwa barua ya majuma mawili au simu ya kupiga kwa foleni. Sasa anaona kwa macho yake kwamba dakika hii, yule mtu amekaa mbele ya kompyuta. Sisi Waswahili salamu hiyo tunayo zamani. Mtu anapita barazani anauliza, "Upo?" Unamjibu, "Nipo." Hajakuuliza afya wala kazi, amekuuliza kuwapo kwako tu. Watu wa Tanga walikielewa kile kiuso siku ya kwanza, bila kufundishwa.

Ndani yake kazi ilikwenda hivi. Ukiingia, programu yako inafungua njia kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya Yahoo, na kuiacha wazi. Seva inatazama ni nani wenye jina lako kwenye orodha zao, inawatangazia kwamba umefika. Ukitoka kwa adabu, yaani ukabofya kutoka, seva inawatangazia kwamba umeondoka. Tatizo ni mtu anayeondoka bila kuaga. Laini ikikatika ghafla, seva haina habari. Kwake yeye njia bado iko wazi ila kumetulia. Itangoja, itajaribu kukugusa, na mpaka ikate tamaa zinapita dakika kadhaa. Dakika zote hizo kiuso chako kinaendelea kuwaka njano kwa wenzako, na wewe huku kompyuta yako inaendelea kukuonyesha wao njano, maana hakuna aliyekuja kuiambia vinginevyo.

Na laini yetu ilikatika mno. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya simu ya duka la mwenye nyumba, ukuta wa pili. Mtu akinyanyua mkono wa simu kule ampigie fundi cherehani, kompyuta sita huku zimekufa.

Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo hakuna kozi iliyonifundisha. Kulikuwa na mama mmoja wa Makorora, mtu mzima, tukimwita Bi Mkubwa. Mwanawe alikuwa anafanya kazi Maskati. Kila Ijumaa baada ya sala anakuja na buibui lake, fedha amezifunga kwenye pindo la kanga, anakaa kiti cha kwanza karibu na mlango. Ijumaa kule ilikuwa siku ya mapumziko. Saa tisa yetu ni saa kumi yao, na saa tisa kiuso cha mwanawe kinageuka njano.

Bi Mkubwa alisoma Kurani vizuri, lakini herufi za kibodi hazikumwelea, kwa hiyo mie ndiye niliyekuwa mikono yake. Siku ya kwanza niliandika, "Mama anasema hajambo." Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Hapana, mwanangu," akaniambia. "Usimwambie mama anasema. Huyu anazungumza na mimi. Andika mimi."

Nikafuta. Tangu siku hiyo niliandika kama anavyotamka, neno kwa neno, na "ati" zake na "alhamdulillahi" zake. Mwanawe akianza, "Shikamoo mama," hakuna kinachoendelea kabla "Marahaba mwanangu" haijaenda. Hata kama mwana ameshaongeza mistari mitatu ya haraka chini yake, marahaba kwanza.

Ijumaa moja alimuuliza kama atakuja Idi. Nikaandika, nikabofya. Tukangoja. Kiuso cha njano kinawaka. Bi Mkubwa akasogeza kiti. Dakika mbili, dakika tatu. "Yupo, na hajibu," akasema polepole. "Yupo, namuona." Mie nilikuwa nimempa mgongo modemu. Nilipogeuka, taa zake za kuunganishwa zilikuwa zimezimika, na ukutani nasikia sauti ya mtu duka la pili anazungumza kwa simu. Nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, akalipa, akaondoka, na niliona dhahiri kwamba hakuniamini.

Ijumaa iliyofuata mwanawe ndiye aliyeanza: "Mama, wiki iliyopita ulinikasirikia? Nilikuona upo, nikaandika hukujibu." Yeye kule naye alikuwa ameiona njano ya mamake. Watu wawili, kila mmoja anamwona mwenzake yupo, kila mmoja anadhani amenyamaziwa, na katikati waya mtupu. Nilimsomea Bi Mkubwa maneno yale mara mbili. Hapo akaniamini.

Tangu siku ile niliweka sharti kafe nzima. Laini ikikatika, napaza sauti, "Imekata!" ili asiwepo mteja wa kukaa akimlaumu mtu wake. Nikamnyooshea mwenye nyumba waya wa simu nyingine kwa gharama zangu. Na wateja wakazoea kuuliza "upo?" kila baada ya mistari michache, hata kama wanajibiwa vizuri. Vijana wa leo wakiona watu wazima wanaandika "upo?" kwanza na kungoja jibu ndipo waseme shida, wanaona ni kupoteza muda. Tulizoezwa hivyo na laini.

Bi Mkubwa pia ndiye aliyenifanya nibadilishe kitu kimoja kwenye kompyuta ya kiti cha kwanza. Kila akija, kabla ya kuanza, aliniomba, "Nisomee ya wiki iliyopita." Yahoo ilikuwa na kipengele cha kutunza mazungumzo kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye kafe hatukukiwasha, kwa kuwa mashine ni ya watu wote. Kwa jina lake yeye, kwa ruhusa yake, nilikiwasha.

Jambo jingine ninalolikumbuka kwa karibu ni kibodi. Kiswahili kinapenda sana A. Ndani ya mwaka mmoja, vibodi vyote sita vilikuwa vimefutika A, kisha I, N na U zikafuata. Nilikuwa nazichora upya kwa rangi nyeupe ya kufutia wino na kijiti cha kiberiti, kila mwisho wa mwezi. Q na X zilibaki mpya kama zimetoka dukani, mpaka vijana walipoanza kuandika "xaxa" badala ya sasa. Ufupisho wenyewe, "m2" kwa mtu, "k2" kwa kitu, "2po", "cjui", wengi wanadhani ulitoka kwenye simu tu, kwa ajili ya zile herufi 160 za ujumbe. Kafe nako ulikuwa na sababu yake. Hatukutoza herufi, tulitoza dakika, na anayetafuta herufi kwa kidole kimoja aliokoa fedha halisi kwa kila herufi aliyoiruka.

Upepo wa pwani nao ulikuwa na kazi yake. Chumvi inakula kila kilicho cha metali. Kompyuta ikikataa kuwaka, mara nyingi dawa ilikuwa kuchomoa kadi ya kumbukumbu na kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Hiyo kazi naifanya hadi leo. Kirusi cha Blaster cha Agosti 2003, kile cha kukuhesabia sekunde 60 kisha kompyuta inajizima mwenyewe katikati ya maneno yako, kilitusumbua wiki nzima, tukakimaliza.

Baadaye tajiri alileta dishi, la mita 2.4, tukalipandisha juu ya paa kwa kamba, watu sita. Laini ya simu ikastaafu. Setelaiti za aina ile zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na hazionekani kusogea kwa sababu zinazunguka sawasawa na dunia. Kwa hiyo neno linapanda kilomita hizo na kushuka nyingine kama hizo hadi kituo cha ardhini, kilichokuwa Ulaya. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni karibu robo sekunde, na jibu likirudi ni robo nyingine.

Kwenye maandishi hakuna aliyeihisi nusu sekunde hiyo. Kwenye sauti iliumiza. Mtu na mkewe walioko mbali walikuwa wanasema "haloo" kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, kisha wanaanza tena kwa pamoja. Nilikuwa nawafundisha: sema neno lako, kisha tulia kidogo, mwenzako bado lako halijamfikia. Walioweza walizungumza kama watu wazima barazani, mmoja anamaliza ndipo mwingine anaanza. Wenye haraka walirudi kuandika.

Kuna jioni vijana wawili walikaa viti vya jirani, bega kwa bega, wakichati wao kwa wao na kucheka. Niliwaonyesha safari ya maneno yao. Kutoka kiti cha tatu linapanda paa, linakwenda angani, linashuka Ulaya, linavuka bahari kwa kebo hadi seva za Yahoo Marekani, linarudi Ulaya, linapanda tena angani, linashuka Ngamiani kiti cha nne. Sehemu ya angani peke yake ni zaidi ya kilomita 140,000, na mzunguko wa dunia nzima ni kama 40,000. Waligusana viwiko wakatazamana. Mmoja wao siku hizi ni fundi wa mitandao pia.

Na kila Machi na Septemba, siku kadhaa mfululizo, dishi lilikuwa linapoteza mawasiliano kwa dakika chache saa karibu ile ile mchana. Si mvua, si umeme. Ni majira ambayo jua linapita nyuma kabisa ya setelaiti, na dishi linaloitazama setelaiti linajikuta linalitazama jua, ambalo nalo linatoa mawimbi ya redio. Kelele ya jua inameza sauti ndogo ya setelaiti. Nilikuwa nabandika karatasi mlangoni mapema. Wazee waliisoma karatasi ile kwa makini kuliko matangazo yote niliyowahi kubandika.

Julai 2009 kebo ya intaneti ya SEACOM, inayopita baharini, ilianza kazi Dar es Salaam, na simu za mkononi zikamaliza kazi iliyobaki. Kafe ilifungwa mwaka uliofuata. Nilinunua baadhi ya mashine kwa bei ya chuma chakavu, nikazipanga darini. Yahoo Messenger yenyewe ilizimwa tarehe 17 Julai 2018.

Mwaka 2019 Bi Mkubwa alifariki. Mwanawe alikuja kutoka Maskati, na baada ya arobaini akanifuata dukani kwangu Chumbageni. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Aliniita kaka, akaniuliza kama kuna chochote kilichobaki cha maneno ya mamake, maana upande wake hakutunza.

Diski ya kompyuta ya kiti cha kwanza ilikuwa ya gigabaiti 20. Iliwaka mara ya tatu. Faili zilikuwamo, kila moja jina lake linaanza na tarehe, mwaka kwanza: 20040305, Ijumaa, na nyingine nyingi. Ukizifungua hivi hivi unaona takataka. Yahoo ilikuwa inachanganya kila herufi ya mazungumzo na herufi ya jina la mwenye akaunti, ikifika mwisho wa jina inaanza upya. Uzuri wa mchanganyo ule ni kwamba ukiupitisha mara ya pili kwa jina lile lile, maneno yanarudi kama yalivyokuwa. Ufunguo ni jina. Yeye alikuwa amelisahau jina la akaunti ya mamake. Mie niliandika jina lile kila Ijumaa kwa miaka, vidole vinalijua: jina la utani ambalo mama alimwita mwanawe utotoni, na mwaka nyuma yake.

Maneno yakatoka. Marahaba mwanangu. Marahaba mwanangu. Marahaba mwanangu. Aliyasoma akiwa amesimama, kisha nikamletea kiti.

Saa kwenye faili zile hazikuchanganywa, kila mstari una saa, dakika na sekunde yake. Nilitaka kumchapia maneno tu, akaniomba nisiondoe saa. Alipofika kwenye siku aliyomwandikia mamake kwamba mtoto amezaliwa, wa kike, na amepewa jina lake, aliweka kidole. Kati ya mstari ule na jibu kulikuwa na dakika nne.

"Kaka, hapa laini ilikatika?"

Nikamwambia haikukatika. Mama alisimama mlangoni, anajifuta macho kwa pindo la kanga, na aliniambia nisiandike kitu mpaka arudi.